Patasi Niliyoichagua Mimi

Noela alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa nimekaa ndani ya gari nje ya hospitali nikingoja saa yangu ya kuingia kumtafsiria mgonjwa. "Uncle," alisema, na kwa sauti yake nikajua. Baba yake, Papa Melki, alikuwa anaugua tangu mwanzo wa mwaka, na mara ya mwisho nilipomwona kanisani shati lilikuwa linamning'inia mabegani kama la kuazima. "Papa ametuacha jana jioni. Funeral ni Saturday, kwenye hall ya kanisa, Doonside. Watakuja watu wa ile workshop ya zamani, hata Keith, na hawasikii Kiswahili. Mama amesema wewe ndiye utatafsiri." Nilimpa pole. Nikamwuliza mama yake amelala vipi, nikamwuliza kama wamepata watu wa kupika, nikamwuliza ndugu wa Brisbane wanafika lini. Nilimwuliza mambo mengi ili nisilijibu lile moja. Mwishowe akasema, "So, utakuja?" Nikasema nitakuja.

Mimi ni mkalimani. Nimeifanya kazi hii zaidi ya miaka kumi na tano, hospitalini, mahakamani na katika ofisi za serikali, na watu wetu, Warundi na Wakongo wa upande huu wa magharibi wa Sydney, hunisifu. Husema Jovin haongezi wala hapunguzi. Kila ninapoisikia sifa hiyo hutazama chini, na wao hudhani ni unyenyekevu. Siku ile baada ya simu ya Noela niliingia hospitalini, nikamtafsiria yule mama mgonjwa kila alichosema daktari, nikatoka, nikarudi ndani ya gari na kushindwa kuwasha injini. Nilikuwa naufikiria mwaka nilioishi nyumbani kwa Papa Melki, karibu miaka ishirini iliyopita, nilipokuwa mkalimani wa mtu mmoja tu, tena bila cheti wala mshahara, na nilichomfanyia mtu huyo.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane, sina mke, na nilikuwa na Kiingereza. Nasema nilikuwa na Kiingereza kama mtu anavyosema alikuwa na ng'ombe. Katika kambi ya wakimbizi Kigoma nilifundisha darasa la tano, na nilipofika Australia niliwakuta watu wazima, wenye akili na ufundi kunizidi, wakiwa wamekaa kimya mbele ya karani wa miaka ishirini kwa kukosa maneno. Mimi nilikuwa nayo. Papa Melki na mkewe, Mama Noela, Wakongo wa Bukavu, walinipangisha kibaraza cha nyuma cha nyumba yao pale Doonside, kilichozibwa kwa mbao na vioo kikawa chumba. Kitanda changu kiliegemea ukuta wa jikoni, na ukuta wenyewe ulikuwa ubao mwembamba, kiasi kwamba nilisikia kifuniko cha sufuria kikitetemeka na Mama Noela akijiimbia pambio. Majira ya baridi nilivaa jozi mbili za soksi na bado asubuhi nilikuta vioo vimelowa kwa ndani. Lakini sikutaka kuhama, kwa sababu ya ile meza. Tulikula bugali na sombe, kisamvu cha kwao, na ndakala, dagaa wa kwao, waliokaangwa mpaka wakalia kati ya meno, na Mama Noela alianza kunipakulia mimi kabla ya mumewe. "Mwalimu ndiye anatusemea," alikuwa akisema. Waliniita Mwalimu wote wawili. Hata Noela, aliyekuwa na miaka kumi na akijibu kila Kiswahili kwa Kiingereza, aliniita Mwalimu.

Papa Melki alikuwa fundi wa kukereza mbao, yaani kuuzungusha mti kwenye mashine na kuuchonga kwa patasi. Kwao alitengeneza bakuli, sinia, vinu na miguu ya vitanda vya maharusi kwa mashine aliyoijenga mwenyewe, na kabla ya hapo aliwahi kuajiriwa miaka mingi katika karakana ya mapadri, ambako alijifunza vyuma. Sydney alipanga maboksi katika ghala. Alikuwa mtu mfupi, mnene wa mikono, asiyependa kusema sana, na aliporudi kazini alikaa kwenye ngazi ya nyuma akaviangalia viganja vyake kama mtu aliyerudishiwa vitu vyake akahesabu akakuta pengo. Mama Noela ndiye aliyesikia kwa mtu wa kanisani kwamba kule Guildford kuna karakana ya jamii, na kwamba Jumamosi yeyote anaweza kuingia. Tulikwenda wote watatu, treni hadi Blacktown, kisha nyingine hadi Guildford. Msimamizi alikuwa Keith, mzee mrefu mwenye masikio makubwa, mstaafu wa useremala wa kujenga nyumba. Kukereza hakukujua sana, na alilisema hilo wazi. Alimwonyesha Papa Melki mashine ya umeme iliyokuwa kwenye kona imefunikwa turubai, akampa kipande cha mkafuri, na baada ya nusu saa watu waliokuwa wakipiga randa na kupiga soga walikuwa wamesimama duara wakitazama bakuli likitoka ndani ya mti ule, na chumba kizima kinanuka kafuri. Keith aliniambia, "Mwulize kama atatufundisha." Nilipomtafsiria, Papa Melki alicheka peke yake, kwa sauti, kwa muda mrefu. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo kabla ya hapo.

Basi Jumamosi zikawa zake. Wanafunzi walikuwa saba au wanane, Waaustralia wazee, Mlebanoni mmoja, na mama wa Kirundi kutoka Quakers Hill aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wote. Papa Melki alionyesha kwa mikono na mimi nilisema kwa mdomo. Lazima niseme ukweli kwamba niliipenda sana sauti yangu katika chumba kile. Alikuwa akisema neno moja, nami natoa matatu. Watu walinitazama mimi walipouliza swali, na walinitazama mimi walipopata jibu.

Tatizo la karakana ile lilikuwa patasi. Bakuli hukerezwa kwa patasi yenye mfereji, ile ambayo uti wake umechimbwa ukabaki na makali ya mviringo, na zilizokuwapo pale zilikuwa za chuma laini, za kupewa na watu waliosafisha magereji yao. Zilikata dakika tano zikafa. Ukizinoa kwa haraka kwenye jiwe la umeme ncha ilipiga rangi ya buluu, na kuanzia hapo, alieleza Papa Melki, chuma kimekwisha, kinakuwa kama kijiko. Alitufundisha kukitambua chuma cha kudumu kwa cheche. Aligusisha patasi mbovu kwenye jiwe, zikatoka cheche nyeupe nyingi zilizopasuka kama nyota. "Hii ni ya haraka kufa," alisema. Kisha akagusisha kipande cha msumeno wa kukatia vyuma, cheche zikatoka chache, nyekundu, zimetulia, hazipasuki. "Njo hii. Hii inavumilia moto. Unanoa leo, unakata mpaka unachoka wewe." Na akaongeza jambo la pili, akiwa ameishika patasi kwa kuilaza kwenye kiganja: patasi ya bakuli iwe fimbo moja nzima, unene ule ule kutoka kwenye makali hadi ndani kabisa ya mpini. "Bakuli linapiga. Kila likizunguka linapiga. Kama chuma iko na shingo, itavunjikia kwenye shingo." Nililitafsiri hilo vizuri. Nakumbuka Keith akiitikia kwa kichwa na kuniambia karakana itanunua patasi tatu mpya, Papa Melki azichague, na mimi nimsindikize dukani.

Tulikwenda Jumanne mchana, siku ambayo wote wawili tulikuwa hatuna zamu. Lilikuwa duka la vifaa vya mbao, kubwa, lenye mataa meupe na sakafu inayong'aa. Papa Melki alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Alizitoa patasi kwenye rafu moja baada ya nyingine, akazipiga kwa ukucha karibu na sikio, akazinusa, akapitisha dole gumba ndani ya mfereji kuona kama umesuguliwa laini. Watu wawili waliokuwa nyuma yetu walitazamana. Kijana muuzaji alikuja, na Papa Melki akaniambia, "Mwombe atuguse kidogo kwenye jiwe. Tuone cheche." Sikumwomba. Niliona jinsi tunavyoonekana, mzee wa koti anayenusa vyuma na mwenzake anayetaka kukwaruza mali ya duka kabla ya kuinunua, na nilitaka sana yule kijana anione mimi kuwa mtu wa namna nyingine. Nilimwuliza kama wana aina nyingine. Kisha nikamgeukia Papa Melki nikasema, "Amekataa." Aliitikia tu, "Sawa," akarudi kusikiliza vyuma vyake, na kwa sikio na kidole akachagua mbili, nyembamba, fimbo nzima, zisizo na urembo wowote. Baadaye zilithibitika kuwa nzuri kabisa.

Ya tatu niliichagua mimi. Ilikuwa ndani ya sanduku la mbao lenye kitambaa, pana kama vidole vitatu, mfereji wake umeng'arishwa, mpini mwekundu uliopakwa vanishi. Pembeni yake zile mbili zilionekana kama nondo. Muuzaji aliponiona nimeishika alisema kitu, na katika alichosema kulikuwa na neno *spindle*, kwamba hiyo ni ya spindle tu, nafahamu, sivyo? Sikulijua neno lile. Sasa nalijua, ni mbao ndefu nyembamba, miguu ya meza na nguzo za ngazi, kazi isiyopiga kama bakuli. Siku ile lilikuwa sauti tupu. Ningeweza kusema samahani, sijui maana yake. Ni sentensi ninayoisema kila wiki sasa, mbele ya mahakimu, na haijaniua. Lakini nilikuwa Mwalimu. Nilitabasamu nikasema, "Ndiyo, bila shaka."

Papa Melki aliichukua, akaigeuza, akaitazama pale chuma kilipoingia kwenye mpini. "Hii hapana," alisema. "Angalia shingo yake. Mbele pana, nyuma iko kama msumari." Nilimwambia, "Mwenye duka amesema ndiyo ya bakuli. Amesema ndiyo bora." Alinitazama. Alikuwa mtu wa kuheshimu neno la fundi mwenzake, hata asiyemjua. "Amesema vile?" Nikasema, "Amesema vile." Akarudisha kichwa nyuma kidogo kama mtu anayeipa nchi ngeni haki ya kuwa na vyuma vyake. "Basi pengine chuma ya huku ni nyingine," akasema, na tukaenda kulipa.

Jioni ile nilibaki na lile sanduku chumbani kwangu, kwa sababu nilitaka kulitazama. Chini ya kitambaa kulikuwa na karatasi iliyokunjwa, yenye michoro. Mchoro mmoja ulikuwa wa bakuli lililopigwa mstari mwekundu wa kukata. Chini yake, kwa Kiingereza ambacho ningeweza kukisoma nikiwa usingizini, kiliandikwa kwamba patasi hii isitumiwe kwa bakuli kamwe, kwamba inaweza kuvunjika na kujeruhi vibaya. Niliisoma mara tatu. Kupitia ukutani nilimsikia Papa Melki akimweleza mkewe kwamba duka lile lilikuwa na vyuma ambavyo hata mapadri hawakuwa navyo, na kwamba Mwalimu alikuwa amezungumza na mwenye duka kama ndugu yake. Niliikunja ile karatasi, nikaiweka chini ya godoro.

Nilijiambia nitamwambia kesho. Jumatano tulikula maharage, na Noela alikuwa amepata cheti shuleni, nikaona nisiharibu. Alhamisi Mama Noela alipika samaki mzima, akaniwekea mimi kichwa. Papa Melki aliuliza kama ile karatasi ya ndani ya sanduku ina la maana, kwa sababu alikuwa ameona pembe yake dukani. Nilimeza kwanza. "Ni matangazo," nikasema. Ijumaa nilirudi kazini nimechoka, wakawa wamekwisha kula, chakula changu kimefunikwa kwa sahani. Nilikila nikiwa nimesimama. Jumamosi nilikuwa na zamu ya asubuhi kwenye nyumba ya kutunzia wazee nilikoajiriwa, kwa hiyo Papa Melki alitangulia Guildford peke yake na sanduku kwapani. Nilimwona dirishani akivuka barabara. Nilikuwa na simu ya mkononi, na namba ya karakana nilikuwa nayo. Nilijiambia pengine ataanza na zile nyembamba.

Nilipofika saa saba mchana hivi, nje ya karakana kulikuwa na gari la wagonjwa. Yule mama wa Quakers Hill alikuwa amesimama mlangoni ameshika aproni mdomoni, na ndiye aliyenieleza. Papa Melki alikuwa amefunga gogo kubwa la mkafuri, akasema kwa ishara kwamba leo ataonyesha patasi mpya, ile pana, ile ambayo mwenye duka aliisifu. Bakuli lilikuwa bado lina kona. Liliipiga patasi mara mbili, mara ya tatu ikakatika kwenye shingo. Kipande cha mbele kiliruka juu kikavunja taa. Mkono wake wa kulia, uliokuwa ukisukuma, ulitumbukia kati ya gogo na kiegemeo cha chuma kinachobeba patasi. Ndani nilimkuta amelala kwenye kitanda cha magurudumu, mkono umefungwa hadi kiwiko, uso umekuwa rangi ya majivu. Aliponiona alijitahidi kuinua kichwa. "Mwalimu," alisema, "umekuja. Waambie wazime mashine." Nikawaambia. Ilikuwa imekwisha kuzimwa.

Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika mahali pawili na mshipa wa dole gumba umekatika. Wiki ya tatu, mkono ukiwa ndani ya plasta, tuliitwa kwenye kikao, kwenye chumba cha chai cha karakana, chenye meza ya plastiki na kopo la biskuti ambalo hakuna aliyeligusa. Alikuwapo Keith, na mwanamke mmoja mpole mwenye fomu, aliyetumwa kuchunguza ajali. Alisema hawamlaumu mtu, wanataka kuelewa tu, kwa sababu patasi ya namna ile kila mkerezaji anapaswa kujua haifai kwa bakuli. Akauliza: kwa nini Papa Melki aliitumia? Nikamtafsiria swali. Papa Melki alijibu taratibu, akiwatazama wao na si mimi, na maneno yake nayakumbuka yote. Alisema, "Mimi niliiona shingo yake dukani, nikasema hapana. Lakini mwenye duka alisema ni ya bakuli, nikafikiri yeye anajua kuliko mimi. Waombe wamwulize mwenye duka. Na kama amesema uongo, waangalie wasije wakauziwa wengine." Ilikuwa njia rahisi ya kumfikia yule kijana muuzaji, na yule kijana angekumbuka alichoniambia, na nilichojibu. Yule mwanamke alikuwa ameinua kalamu. Nikasema kwa Kiingereza, "Anasema alidhani haitakuwa na shida."

Kalamu ilishuka. Keith alivuta pumzi, akasema, "Jamani, Melki," kwa huzuni, kama mtu aliyevunjwa moyo na rafiki. Papa Melki aliniangalia. Alikuwa amesema sentensi nne, nami nilikuwa nimetoa moja fupi. Waliamua kwamba kwa usalama asiguse mashine tena pale, awe anasaidia kupiga msasa. Hilo nililitafsiri neno kwa neno.

Hakurudi Guildford. Darasa la Jumamosi likafa. Plasta ilipotolewa dole gumba lilibaki limelala, halikuweza kukutana na vidole vingine, na wakati wa kula alianza kumega bugali kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo kwa mtu wa umri wake, wa malezi yake, lilikuwa aibu mezani, na aliivumilia mbele yangu kila siku. Mama Noela aliendelea kunipakulia wa kwanza. Jumapili moja asubuhi, nikiwa nafunga tai nijiandae kwenda kanisani, niliwasikia jikoni. Mama Noela aliuliza, "Lakini umeniambia ulisema maneno mengi. Yeye alisema kidogo. Mi nilikuona ukirudi, uso wako haukuwa sawa." Kijiko kilizunguka kikombeni. "Mutoto aliogopa," alisema Papa Melki. "Aliogopa nini?" "Sijui. Atakuja kuniambia." Nilisimama na ile tai mkononi, ubao ule ukiwa karibu na uso wangu kiasi cha kuhisi joto la jiko. Mlango wa jikoni ulikuwa hatua nne. Baada ya wiki mbili nikawaambia nimepata chumba Quakers Hill, karibu zaidi na kazi. Haikuwa karibu zaidi. Papa Melki alinibebea begi hadi stesheni, kwa mkono wa kushoto.

Tangu hapo tulisalimiana kanisani na kwenye harusi za watu. Nilisomea ukalimani, nikafaulu, nikaoa, nikapata watoto. Mara kadhaa nilimwona akinikaribia kwenye kundi la watu kama mwenye neno, nikajifanya napokea simu.

Jumamosi ya mazishi ukumbi ulijaa. Nilisimama kando ya kipaza sauti nikiwatafsiria Kiingereza wageni na Kiswahili wenyeji, na sauti yangu ilikuwa nzuri. Kisha Keith alisimama. Amezeeka sana, anatembelea mkongojo. Alisema Papa Melki alikuwa fundi mkubwa kuliko wote aliowahi kuwaona, na kwamba alikuwa mbishi vilevile. Siku moja alinunua patasi isiyofaa, akadhani haitakuwa na shida, karibu apoteze mkono. Aliyasema kwa mapenzi, na wageni wakacheka kwa upole. Kisha wote wakanigeukia. Mama Noela alikuwa kiti cha mbele, kitambaa cheupe kichwani, ananitazama usoni bila kupepesa. Nami nikayatafsiri. Kila neno. Ilikuwa tafsiri sahihi kabisa ya uongo wangu mwenyewe, na wenyeji nao wakacheka.

Watu walipokuwa wanakula nilimkuta Mama Noela kwenye jiko la ukumbi, amekataa kukaa na wafiwa, anapanga sahani. "Umemaliza kazi?" aliniuliza. Ndipo nikamwambia. Nilianza na kikao, nikarudi nyuma kwenye duka, nikafika kwenye karatasi chini ya godoro, ambayo hakuna mtu duniani aliyekuwa akiijua. Kwenye karatasi ile aliacha kupanga sahani. Alishika ukingo wa sinki. "Uliisoma Jumanne," alisema. "Na ulikula kwangu Jumatano. Na Alhamisi." Nikasema ndiyo. Alimpisha mwanamke aliyeingia na sufuria. "Alikungoja," akasema. "Mwaka mzima alikungoja. Kisha akaacha. Mi sikuacha. Leo nilikuita makusudi, nikasema, acha nione." Alijifuta mikono kwa kanga, akamwita binti yake. "Noela, nenda na huyu kwa Keith. Ako na kintu cha kumwambia. Wewe usimame pale usikie kama anakisema."

Nilikisema, karibu na mlango, Noela akiwa amekunja mikono kifuani. Ana karibu miaka thelathini sasa, ni nesi, na alinisikiliza kama anavyomsikiliza mgonjwa anayeficha dawa alizokunywa. Keith aliuliza maswali mawili tu. La kwanza, Papa Melki alijibu nini hasa siku ile. Nikamwambia. La pili hakulimalizia. Alikaa kwenye kiti cha karibu, akautazama mkongojo wake. "Nilimwondoa kwenye mashine," alisema. "Mimi ndiye niliyemwondoa." Kisha akasimama, akaomba njia kati ya viti, akaenda mbele na kuomba kipaza sauti kwa mara ya pili. Kwa mazoea ya miaka mingi miguu yangu ilianza kumfuata. Keith alinyoosha kiganja, si kwa ukali. "Noela, please," alisema.

Nikatafuta kiti katikati ya watu, mkono wangu wa kulia kuna mama wa Quakers Hill, sasa ni bibi, na kushoto mwanamume nisiyemjua aliyekuwa bado anakula. Keith alisema kwamba amekosea kuhusu rafiki yake kwa karibu miaka ishirini, na kwamba ameambiwa ukweli sasa hivi. Alieleza kila kitu kwa Kiingereza, polepole, akilitaja jina langu mara moja. Niliwatazama watu wakingoja Kiswahili. Noela alisogea kwenye kipaza sauti, akamtazama mama yake, akaanza. Kiswahili chake ni cha kutafuta njia, ngeli zinamponyoka, lakini alikwenda mpaka mwisho, duka, karatasi, meza, kikao, na hakupunguza neno.